Namna ya kumkosoa mbunge wako wa Marekani kwa kura zake mwenyewe

Mbunge akiambiwa "umetusaliti" hana haja ya kujibu. Akiulizwa kwa nini tarehe 3 Julai 2025 alipiga kura ya ndiyo, ilhali siku tano kabla aliandika kwamba angepiga hapana, lazima atafute maneno. Tofauti hiyo ndiyo ninayoifundisha ninapokaa na Waafrika Mashariki wenzangu hapa Marekani na kufungua pamoja nao kumbukumbu za kura za wabunge wao. Wengi huja na hasira, na hasira yenyewe mara nyingi ni ya haki. Kinachokosekana ni tarehe, namba ya muswada na kura iliyopigwa.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mbunge wako

Ingia house.gov, andika zip kodi ya unapoishi, jina litatokea. Zip kodi nyingine zimekatwa na mpaka wa wilaya mbili za uchaguzi. Hapo utaombwa anwani kamili. Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435 wenye haki ya kupiga kura, na huyu ndiye tunayemzungumzia, si maseneta wawili wa jimbo lako wala mbunge wa bunge la jimbo lenyewe, yule anayekaa Austin au Columbus. Ukimlaumu mtu wa Washington kwa jambo lililoamuliwa Columbus, umemtwisha mzigo usio wake, na ofisi yake itafurahi kukueleza hivyo.

Hatua ya 2: Chagua jambo moja

Moja tu. Barua yenye malalamiko kumi hujibiwa lile jepesi kuliko yote. Chagua jambo ambalo wewe na jirani zako mnaliona kwenye maisha yenu, kisha lifuate mpaka mwisho.

Nitatumia sheria kubwa ya kodi na matumizi ya mwaka 2025, muswada H.R. 1, kwa sababu ilitugusa mahali pawili. Iliweka kodi kwenye pesa tunazotuma Nairobi, Arusha, Bukavu au Bujumbura, na ilibadili Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ambayo wengi wetu tunaijua kwa sababu wazazi au watoto wetu wanatibiwa kwayo.

Hatua ya 3: Itafute kura yenyewe

Usianzie kwenye gazeti wala kwenye klipu iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp. Anzia congress.gov. Andika namba ya muswada, kisha fungua sehemu inayoonyesha kila kilichotendeka, tarehe kwa tarehe. Kura zilizopigwa kwa majina zina kiungo kinachokupeleka clerk.house.gov, kwa Karani wa Baraza, ambako jina la mbunge wako limeandikwa pamoja na neno la kura yake: "Yea" au "Aye" (ndiyo), "Nay" au "No" (hapana), "Present" (yupo bila kuchagua upande) au "Not Voting" (hakupiga kura).

Mambo mengine hupita kwa kura ya sauti, wabunge wakisema ndiyo na hapana bila majina kuandikwa. Hapo huwezi kumbebesha mtu kura. Unaweza kuangalia kama aliweka jina lake miongoni mwa wanaounga mkono muswada, au kama alisimama kuuzungumzia. Hotuba hizo zimo kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, kwenye congress.gov.

Hatua ya 4: Jua kura ilikuwa ya nini

Hapa ndipo ukosoaji mwingi unapovunjika mguu, kwa hiyo tukae kidogo.

Muswada mmoja hupigiwa kura mara nyingi, na maneno yake hubadilika njiani. Chukua ile kodi ya kutuma pesa. Kamatini ilianza ikiwa asilimia 5. Muswada uliopita Baraza la Wawakilishi alfajiri ya tarehe 22 Mei 2025, kwa kura 215 dhidi ya 214, ulisema asilimia 3.5, na mzigo uliwalenga wasio raia. Seneti ikayabadili hayo. Toleo lililorudi barazani na kupita tarehe 3 Julai kwa kura 218 dhidi ya 214, likasainiwa kesho yake, linasema asilimia 1. Halimuulizi mtumaji uraia wake. Linamgusa anayelipa kwa pesa taslimu, kwa money order au kwa hundi ya benki, na linamwacha anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani au kwa kadi iliyotolewa Marekani. Kodi hiyo ilianza mwaka 2026.

Sasa angalia. Mbunge aliyepiga ndiyo mara zote mbili alikubali kodi mbili tofauti. Ukiandika kwamba "mwezi Julai alipiga kura tukatwe asilimia 3.5", umekosea, na msaidizi wake ataonyesha kosa hilo kwa sentensi moja na kuacha yaliyobaki. Ukiandika kwamba tarehe 22 Mei aliunga mkono asilimia 3.5 kwa wasio raia peke yao, yaani kwa wakazi wa wilaya yake ambao hawawezi kumwondoa kwa kura, umesema kweli tupu. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito zaidi katika suala zima la kodi hii, na wanaoitumia ni wachache kwa sababu ya kukimbilia toleo la mwisho.

Kisha kuna kura za utaratibu. Kabla muswada mkubwa haujajadiliwa, Baraza hupigia kura kanuni ya kuuleta ukumbini: mjadala utachukua muda gani, marekebisho gani yataruhusiwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Julai kanuni hiyo ilipita 219 kwa 213. Thomas Massie wa Kentucky, ambaye ni wa chama cha Republican, aliipigia ndiyo, halafu muswada wenyewe akaupigia hapana. Brian Fitzpatrick wa Pennsylvania, wa chama hichohicho, alisema hapana kwa yote mawili. Mkosoaji anayesoma kura ya mwisho peke yake atawaona wawili hao kuwa sawa. Si sawa: mmoja alisaidia kufungua mlango, mwingine alikataa. Ukitaka kumsifu au kumlaumu mtu kwa ukamilifu, soma kanuni pia.

Ombi la kurudisha muswada kamatini, ambalo chama cha wachache hulileta dakika za mwisho, lipe uzito mdogo. Karibu kila mara wabunge hufuata chama chao pale, na vipeperushi vya kampeni hupenda kulitangaza kana kwamba ni kura ya sera.

Na "Not Voting"? Usirukie kusema amejificha. Tarehe 22 Mei Andrew Garbarino wa New York na David Schweikert wa Arizona waliikosa kura. Ilielezwa kwamba wote wawili wangeunga mkono, na mwezi Julai walipiga ndiyo. Kutokuwapo kwao kunaweza kulaumiwa kwa jina lake, yaani kukosa kazi siku kubwa, lakini huwezi kukugeuza kuwa upinzani. "Present" ni kitu kingine tena: mtu yumo ukumbini na kwa makusudi hachagui upande. Andy Harris wa Maryland ndivyo alivyofanya tarehe hiyo ya 22 Mei.

Hatua ya 5: Weka maneno yake kando ya kura yake

Nenda tovuti ya mbunge, sehemu ya taarifa kwa vyombo vya habari, utafute mada yako. Hifadhi nakala ya ukurasa, kwa sababu taarifa huondolewa. Archive.org itakuwekea nakala yenye tarehe.

Mfano ulio wazi kuliko wote ninaoujua ni wa David Valadao, wa chama cha Republican, aliyekuwa akiwakilisha wilaya ya 22 ya California, kwenye bonde la kilimo. Karibu thuluthi mbili ya wakazi wa wilaya hiyo walikuwa kwenye Medicaid. Mwezi Aprili 2025 yeye na wenzake 11 wa chama chake waliwaandikia viongozi wao kwamba hawataunga mkono muswada wa mwisho utakaopunguza bima hiyo kwa watu walio katika hali dhaifu. Tarehe 28 Juni, Seneti ikiwa imekaza masharti, alitoa taarifa akiwataka maseneta washike vifungu vya Medicaid vilivyotoka Baraza la Wawakilishi, la sivyo angepiga hapana. Seneti haikuvishika. Tarehe 3 Julai alipiga ndiyo.

Sihitaji kumwita mwongo. Nikipanga tarehe hizo tatu kwa mfuatano, msomaji anaona mwenyewe. Ongeza makadirio ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge, ambayo haina chama: sheria hiyo ingeongeza watu wasio na bima kwa milioni 10 hivi ifikapo 2034. Taja na sharti jipya la saa 80 za kazi, masomo au huduma ya kujitolea kwa mwezi kwa watu wazima wengi walioingia Medicaid kupitia upanuzi wake, linalotakiwa kuanza kabla au ifikapo Januari 2027. Mama anayechuma zabibu kwa msimu anaelewa haraka saa 80 zina maana gani katika mwezi usio na mavuno.

Hatua ya 6: Tafuta utetezi wake kabla hujachapisha

Hatua hii watu huiruka, na mimi siruhusu mtu airuke. Valadao alijieleza: alisema sheria inailinda Medicaid kwa wale iliokusudiwa, yaani watoto, wajawazito, walemavu na wazee. Walioiunga mkono walitaja pia mfuko wa dola bilioni 50 kwa afya vijijini ulioongezwa na Seneti. Yaandike hayo, kisha yajibu. Barua ya Aprili ilisema "walio katika hali dhaifu", na anaweza kushikilia maneno hayo. Taarifa ya tarehe 28 Juni haimpi upenyo wa aina hiyo. Ilikuwa na sharti lililo wazi. Kwa hiyo uegemeze hoja yako kwenye Juni, si Aprili.

Wakati mwingine utetezi utakushinda, na ni heri ukushinde ukiwa bado mezani kwako. Jared Golden wa Maine, wa chama cha Democratic, alikuwa peke yake katika chama chake kupiga hapana dhidi ya Build Back Better, muswada mkubwa wa huduma za jamii wa Rais Biden, mwezi Novemba 2021. Agosti 2022 alipiga ndiyo kwa sheria iliyochipuka humo. Ukimwita kigeugeu utaaibika: alikuwa amelalamikia nafuu ya kodi kwa matajiri iliyokuwa katika muswada wa kwanza, na haikuwamo katika wa pili.

Au Ilhan Omar wa Minneapolis, wa chama cha Democratic, ambaye wengi wetu tunaishi wilayani kwake. Tarehe 5 Novemba 2021 alipiga hapana kwa sheria ya miundombinu, iliyopita 228 kwa 206. Yeye na wenzake watano wa chama chake hawakuwa wanachukia madaraja. Walitaka sheria hiyo iende sambamba na ile ya huduma za jamii, yaani Build Back Better. Unaweza kuupinga mkakati huo, na una hoja, kwani sheria ya pili ilikuja kukwama Seneti. Kusema kwamba hakutaka barabara ni jambo jingine, na si kweli.

Katika kura hiyohiyo Gary Palmer wa Alabama, wa chama cha Republican, alisema hapana, kisha akatangaza kwa furaha fedha za barabara ya Northern Beltline ya Birmingham zilizokuwa ndani ya sheria hiyo. Utetezi wake ni kwamba kifungu cha barabara kilikuwa chake na kilichobaki hakukitaka. Upime. Binafsi naona anayejivunia barabara ana wajibu wa kutaja, katika tangazo hilohilo, kwamba kura yake haikuijenga.

Hatua ya 7: Andika kwa ufupi

Aya nne zinatosha: kura, maneno yake, madhara kwa wilaya, swali. Kwa mfano:

"Mheshimiwa, tarehe 28 Juni 2025 ulitangaza kwamba utapiga hapana iwapo Seneti haitashika vifungu vya Medicaid vya Baraza. Seneti haikuvishika. Tarehe 3 Julai, katika kura iliyopita 218 kwa 214, ulipiga ndiyo. Nini kilibadilika katika siku hizo tano, na ulipewa ahadi gani kwa ajili ya hospitali zetu?"

Hakuna tusi, hakuna dhana kuhusu moyo wake. Bila shaka utaiandika kwa Kiingereza. Mke wake, watoto wake na nyumba yake haviingii. Vitisho ni jinai ya shirikisho, hata vikisemwa kwa mzaha. Ukosoaji wenye ukweli, hata uwe mkali, umelindwa vizuri: tangu mwaka 1964 Mahakama ya Juu imesema kiongozi wa umma anayedai kukashifiwa lazima athibitishe kwamba aliyesema alijua ni uongo, au hakujali kama ni uongo.

Hatua ya 8: Peleka

Piga simu bungeni, 202-224-3121, uombe ofisi ya mbunge wako, au piga ofisi yake ya wilayani ambako foleni huwa fupi. Taja jina, mji na zip kodi kwanza, kwa sababu maoni ya wasio wakazi wake hayahesabiwi sana. Kwenye mkutano wa hadhara uliza swali moja na ukae. Mkiwa wengi, gawaneni maswali. Gazeti la mji wenu, hata dogo, lina thamani kubwa, maana wasaidizi wa mbunge hulisoma.

Wasio raia huniuliza kama wanaruhusiwa. Ndiyo. Mbunge anawakilisha wakazi wote, na simu yako ni halali. Ila usiseme "nitakunyima kura" kama huna kura, na usijitaje kamwe kuwa raia. Kauli hiyo inaweza kukuharibia kesi ya uhamiaji. Sema tu kwamba unaishi wilayani kwake. Na kama ofisi hiyohiyo inakusaidia kufuatilia faili lako la uhamiaji, endelea nalo bila woga: hilo hushughulikiwa kwa fomu ya ruhusa uliyosaini, na mara nyingi na mtumishi mwingine kabisa. Jibu likija, liweke pamoja na tarehe yake kwenye faili la kura ileile, tayari kwa kura inayofuata.