Somo: Kupanga mipangilio ya msingi ya Nmap iendane na mtandao wako

Nmap, programu ya kuskani mtandao ili kujua vifaa vilivyopo na poti (milango ya huduma) zilizo wazi, haina faili moja la mipangilio. Anayetafuta nmap.conf atazunguka bure, halipo. Mipangilio ya msingi iko sehemu tatu: ndani ya programu yenyewe, kwenye mafaili yake ya data, na kwenye kile unachojiwekea wewe, yaani lakabu za terminali (alias, jina fupi la amri ndefu) au profaili za Zenmap, sura ya Nmap yenye madirisha. Ya kwanza tuiache ilivyo. Mbili zilizobaki ndizo kazi ya leo.

Kabla ya yote: skani mtandao wako, au ule ambao mwenyewe amekupa ruhusa kwa maandishi. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, na Kenya ina yake ya 2018. Kama unataka tu pa kujaribia, wenye Nmap wameiweka scanme.nmap.org kwa kazi hiyo, mradi usiipige mfululizo kutwa nzima.

Inachofanya usipoiambia kitu

Ukiandika `nmap 192.168.1.0/24` na kupiga Enter, programu imeshakuamulia mengi. Inaanza kwa kutafuta vifaa vilivyo hai. Kwenye LAN yako (mtandao wa ndani), ukiwa root (msimamizi mkuu wa mfumo), inauliza kwa ARP, njia ya vifaa vya LAN kutafutana. Nje ya LAN inatuma ICMP (jumbe kama za ping) za aina mbili (echo na timestamp), na pakiti za TCP: SYN (ombi la kuunganisha) kwenye poti 443 na ACK (jibu la kukiri) kwenye poti 80. Usipokuwa root inajaribu tu kuunganisha poti 80 na 443, ndiyo maana watu wawili waliokaa meza moja wanaweza kuskani mtandao uleule na mmoja akapata vifaa 40, mwingine 23. Kisha inauliza DNS jina la kila kilichoitika, inaskani poti 1000 za TCP kwa `-sS`, inayotuma SYN bila kukamilisha muunganisho (au `-sT`, inayoukamilisha, kama si root), kwa kasi ya kawaida, `-T3`. Matokeo hayahifadhiwi popote. Ukifunga terminali yamekwenda.

Hizo 1000 si poti 1 hadi 1000, kosa linalorudiwa sana. Zinachaguliwa kwenye faili la nmap-services, ambalo kila mstari una jina la huduma, poti na protokoli, kisha namba kati ya 0 na 1 inayoonyesha poti hiyo hukutwa wazi mara ngapi. Poti 80/tcp ina 0.484143. Namba hizi zilitokana na Gordon Lyon, aliyeitoa Nmap mwaka 1997, kuskani mamilioni ya anwani za intaneti mwaka 2008. Ni kipimo kizuri cha intaneti nzima ya wakati ule, ila ofisi yako si intaneti nzima. Mashine ya mahudhurio ya ZKTeco husikiliza poti 4370, API ya ruta za MikroTik 8728, DVR (rekoda za kamera) za Dahua 37777, hifadhidata za Redis 6379 na za MongoDB 27017. Hakuna hata moja kati ya hizo tano iliyomo kwenye 1000 za msingi. Unaweza kuskani ofisi kila wiki na kuandika ripoti safi huku Redis isiyo na nywila iko wazi kwa kila aliye kwenye Wi-Fi.

Hatua ya 1: faili lako la nmap-services

Usihariri lile la mfumo. Ukisasisha Nmap litafutwa na kuwekwa jipya. Nakili:

`mkdir -p ~/.nmap ~/skani`
`cp /usr/share/nmap/nmap-services ~/.nmap/`

Ukiwa umeisakinisha kutoka msimbo chanzo, tafuta kwenye /usr/local/share/nmap. Windows folda yako ni AppData\Roaming\nmap.

Sasa angalia kama poti unazotaka zina mstari tayari:

`grep -nE '(4370|6379|8728|27017|37777)/tcp' ~/.nmap/nmap-services`

Zenye mstari, badilisha namba iliyo safu ya tatu. Zisizo nao, ziongeze mwishoni mwa faili, ukitenganisha kwa tab:

`zkteco	4370/tcp	0.500000`
`mikrotik-api	8728/tcp	0.500000`

Tumeweka 0.5 kwa makusudi. Iko juu ya poti 80, kwa hiyo poti hizi zitaingia hata kwenye skani fupi ya `-F`, ambayo huchukua 100 tu. Ukiongeza tano, tano za mkiani zinatoka. Usizidishe 1.

Hakikisha bila kugusa kifaa chochote:

`nmap -v -F -oG -`

Bila kupewa anwani, Nmap itachapisha mstari unaoanza na `# Ports scanned: TCP(100;` ukifuatiwa na orodha. 4370 isipokuwemo, faili lako halijasomwa.

Tahadhari moja: liko chaguo `--servicedb` linaloelekeza Nmap kwenye faili la huduma unalolitaka. Linavutia, lakini likitumika linawasha `-F` kimyakimya, unabaki na poti 100 ukidhani ni 1000. Liepuke.

Hatua ya 2: lakabu

Kwenye ~/.bashrc:

`alias skani='sudo nmap --datadir "$HOME/.nmap" -n -T4 -oA "$HOME/skani/%Y%m%d-%T"'`

Kisha `source ~/.bashrc`. `--datadir` ipo kwa sababu ya sudo: ukishakuwa root, folda ya nyumbani ni /root, na faili ulilohariri halionekani tena. Mafaili mengine yasiyokuwemo humo Nmap itayafuata kwenye folda ya mfumo. `-n` inazima DNS. Kwenye LAN isiyo na rekodi za majina ni kusubiri bure. `-oA` inaandika mafaili matatu, .nmap, .xml na .gnmap, yenye tarehe na saa kwenye jina. Folda lazima iwepo kabla, Nmap haiiundi. Yale ya .xml yatunze: `ndiff la-jana.xml la-leo.xml` inakuonyesha kilichobadilika tu.

Kuhusu kasi, `-T4` inafaa waya na Wi-Fi nzuri. `-T5` isiingie kwenye lakabu. Inasubiri jibu milisekunde 300 tu, inarudia mara 2, na kifaa kikizidi dakika 15 kinaachwa. Tawi lililounganishwa kwa VSAT (setilaiti), jibu linachukua zaidi ya milisekunde 500 kwenda na kurudi, kwa hiyo poti zilizo wazi zitaandikwa filtered (hazikujibu). Huko rudi `-T3`.

Usiweke `-p` ndani ya lakabu. Siku utakapotaka poti moja tu na kuongeza `-p 22`, Nmap itagoma, kwa sababu inakubali `-p` moja tu kwa amri. `-F` nayo haikai na `-p`.

Hatua ya 3: wanaotumia Zenmap

Fungua Profile, kisha New Profile or Command (Ctrl+P). Ipe jina, na kwenye sanduku la amri andika `nmap -n -T4 -v`, halafu uhifadhi. Zinakaa kwenye scan_profile.usp ndani ya folda ya .zenmap. Faili hilo ukilinakili kwenye mashine nyingine, profaili zinahamia. Profaili ya Quick scan plus iliyokuja na programu ina `-O` (kutambua mfumo endeshi wa kifaa), nayo inahitaji root. Ukiianzisha kama mtumiaji wa kawaida kwenye Linux inakatisha palepale.

Maswali ya wanachama

*Wakuu, nimefuata hatua zote lakini 4370 haionekani kwenye matokeo. Nitajuaje kama faili langu linasomwa?*

Endesha tena ukiongeza `-v` na usome mistari ya mwisho. Ukiona `Read data files from:` yenye folda moja tu ya /usr/share/nmap, lako limerukwa. Inayotakiwa ni `Read from` ikitaja folda yako na nmap-services mbele yake. Kama limesomwa, basi poti huenda imefungwa kweli. Nmap haiorodheshi poti zilizofungwa moja moja zikiwa nyingi, inazijumlisha kwa mstari mmoja.

*Naombeni msaada, nikiskani kwa -sV printa ya mhasibu inatoa makaratasi yenye herufi za ajabu. Tumepoteza nusu rimu.*

Printa za mtandao zinachapisha chochote kinachoingia poti 9100, na `-sV` hutuma maandishi ili kutambua huduma. Nmap inalijua hilo: nmap-service-probes lina mstari `Exclude T:9100-9107`. Kwa hiyo ama umeweka `--allports`, inayoupuuza mstari huo, ama kuna nakili ya nmap-service-probes kwenye ~/.nmap iliyoondolewa mstari. Iondoe hiyo nakili. Sababu ya tatu ni printa kusikiliza poti nyingine nje ya hizo; hapo ongeza `--exclude` na anwani ya printa kwenye lakabu.

*Kamera zinaleta "Host seems down" wakati picha naziona. Niweke -Pn kwenye lakabu moja kwa moja?*

Hapana. `-Pn` huiambia Nmap iruke hatua ya kutafuta vifaa vilivyo hai. Kama kamera ziko LAN moja na wewe, tatizo si ping: ukiwa root inatumika ARP, na hata ukiweka `-Pn` ARP inaendelea. Angalia VLAN (mgawanyo wa LAN kwenye swichi) na anwani. Kama ziko nyuma ya ruta, tumia `-Pn` kwa anwani za kamera hizo tu. Ukiiweka kwenye lakabu, /24 yenye vifaa 12 itaskaniwa kama ina 256, na kila anwani isiyo na mtu inasubiriwa poti zote 1000.

*Na UDP? Nimeongeza -sU, saa ya pili sasa.*

Linux hutoa ujumbe wa ICMP wa poti iliyofungwa takriban mmoja kwa sekunde, na Nmap inajipunguza mwendo isije ikapoteza majibu. Poti 1000 ni kama dakika 17 kwa kifaa kimoja. Zote 65,536 zinapita saa 18. Tengeneza lakabu ya pili:

`alias skaniudp='sudo nmap -n -sU -p 53,67,123,161,1900'`

Hii ina `-p` kwa sababu ni ya kazi moja. Ukiona `open|filtered`, maana yake hakuna jibu lililorudi. Ongeza `-sV` kwa poti hizo: huduma ikijibu, itaandikwa open.