SOMO: Kuunga ethi kwenye boksi la chuma unapobadilisha swichi ya shawa

Wakuu poleni na baridi. Kila ikifika Juni huku Mbeya watu wanakimbilia shawa za umeme, swichi zinaungua, na mimi naulizwa lile lile: "nimefunga swichi mpya, ule waya wa kijani na njano umebaki, niukate?" Usiukate, huo ndio ethi, waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Naandika hapa mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia hii.

Naongelea kubadilisha swichi iliyopo tayari, ile kubwa ya 45A yenye taa nyekundu, boksi lake la chuma limezamishwa ukutani. Kama unavuta laini mpya ya shawa tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA.

1. Jaribu testa kwenye soketi yenye umeme ujue ni nzima, halafu zima meni swichi. Usiseme "si LUKU imeisha", we umeshika waya huku mtu sebuleni anaingiza tokeni.

2. Fungua skrubu mbili, vuta uso wa swichi, pima kila waya, piga picha kwa simu.

3. Hamisha laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (waya wa kuurudisha) kwenye swichi mpya kama zilivyokuwa, kaza.

4. Ethi. Hapa ndipo mafundi wengi wanaharibu, nafungua boksi nakuta ethi imeviringishwa nyuma huko haijashika kitu. Wanasema uso wa swichi ni plastiki. Sawa, uso ni plastiki, ila boksi ni chuma, na zile skrubu mbili zinaingia kwenye hilo hilo boksi na vichwa vyake viko nje, unavigusa na mkono wenye maji. Siku laivu ikichubuka ikagusa boksi, skrubu ina volti 230. Kwa hiyo ethi inayotoka ukutani ingiza kwenye tundu la ethi la swichi, halafu kata kipande cha waya wa kijani na njano saizi ile ile, kama sentimita 15, kitoke hapo kiende kwenye skrubu ya ethi iliyomo ndani ya boksi. Hiyo skrubu mara nyingi imezibwa na plasta au rangi, kwangua mpaka chuma king'ae. Kaza, kisha vuta kila waya kwa mkono, ukichomoka haukukazwa.

ANGALIA: hizo skrubu za uso usizihesabu kuwa ndio ethi, siku ukivua uso boksi linabaki uchi. Na ukikosa ethi USIUNGE boksi kwenye nyutro, nyutro ikikatika huko nje boksi zima linakuwa na umeme. Ukikuta waya mbili tu ukutani simama hapo hapo, ethi ivutwe kwanza.

5. Kunja waya zisibanwe, funga uso, washa.

6. Pima na mita: laivu na nyutro karibu 230, laivu na skrubu ya uso karibu hiyo hiyo. Ikiyumba au ikisoma chini sana, ethi haipo.

MASWALI

Mdau Uyole: Yangu inapiga shoti kidogo tu kwenye bomba, nikivaa ndala haisumbui. Bado nahitaji haya yote?
Jibu: Zima breka sasa hivi, usioge nayo. Ndala sio ethi. Ita fundi leo.

Mdau Mafinga: Mkuu nina breka ya 32A, boksi likishika umeme si itakata yenyewe?
Jibu: Swali zuri sana kaka. Nyumba nyingi ethi yake ni rodi tu iliyopigwa chini. Chukulia rodi ina ukinzani wa omu 50 na udongo: 230 gawa kwa 50 ni ampia 4.6, breka ya 32 haina habari kabisa, inaona kama umewasha pasi. Ndio maana unahitaji RCD (swichi inayokata umeme ukivuja) ya miliampia 30, hiyo inakata mapema. Ina kitufe cha kujaribia, kibonyeze mara kwa mara.

Mdau Iringa: Sina mita, nikiweka balbu kati ya laivu na ethi?
Jibu: Hapana. Ethi ikiwa imekatika, kupitia hiyo balbu unapeleka umeme kwenye kila chuma kilichoungwa nayo. Azima mita.

Mdau Iringa: Mbona fundi wangu anafanya?
Jibu: Nimeshajibu.

Mdau Tukuyu: Kwetu mvua haziishi, sikio la boksi, pale skrubu ya uso inapoingia, limeliwa kutu, skrubu haishiki.
Jibu: Dada, uzi wake ni wa milimita 3.5, kama chuma bado kizima pitisha tepu (kile chuma cha kukatia uzi wa skrubu) ya saizi hiyo. Kikiwa kimelika badilisha boksi, na utafute maji yanapoingilia ukutani.

Mdau Makambako: Naongezea, kiangazi mzee wangu huwa anamwagia rodi maji, inasaidia?
Jibu: Inasaidia, udongo mkavu haupitishi vizuri, ila yakikauka umerudi pale pale. Bora rodi ndefu zaidi, au ya pili iliyo mbali na ya kwanza angalau kwa urefu wa rodi yenyewe. Na kabla hujanunua rodi kaangalie klampu inayobana waya wa ethi pale juu ya rodi, nyingi nakuta zimelegea.