Kutembea Seven Sisters na mbwa siku ya upepo, mambo ya kuzingatia

Kwa nyie mlioko Uingereza mnaotaka kutoka na marafiki na mbwa wenu, njia ya juu ya magenge meupe ya Seven Sisters, toka Seaford mpaka Eastbourne, ni nzuri sana ila siku ya upepo inataka akili. Ni kama kilomita 22 hivi, kupanda na kushuka vilima mfululizo mpaka magoti yaombe poo, kwahiyo anzeni asubuhi.

Cha kwanza kabisa angalia upepo unatokea WAPI, sio kasi tu. Ukitoka Seaford bahari iko mkono wa kulia, na upepo wa kule mara nyingi unatoka kusini magharibi, yani unakusukuma mgongoni na kukusogeza mbali na bahari, hapo mnatembea vizuri. Ukigeuka ukatoka kaskazini unawasukuma kuelekea ukingoni, siku hiyo mimi nasema ahirisheni tu jamani, hasa mkiwa na watoto.

Ukingo wenyewe usiuamini. Ni chaki tupu, bahari inaila kwa chini, juu unaona majani mazuri kumbe chini yake pako wazi. Ukiona ufa mwembamba kwenye majani unaofuata ukingo, hata kama ni wa kuingiza kidole tu, rudi nyuma, hicho kipande kinajiandaa kuondoka. Mnara wa taa wa Belle Tout ulio juu ya magenge hayo ilibidi wausogeze mita 17 mwaka 1999 kwa sababu hiyo hiyo. Mimi sikaribii chini ya mita 5, na selfi za ukingoni sizitaki kabisa kwenye kundi langu.

Sasa mbwa. Kamba fupi mwanzo mpaka mwisho, zile za kujivuta achaneni nazo, maana akiona sungura au shakwe anachomoka na yeye hajui kama mbele hakuna ardhi. Pia kuna kondoo, na sheria za huko mkulima anaweza kumpiga risasi mbwa anayesumbua mifugo yake. Maji bebeni ya kutosha na bakuli, huko juu hakuna kijito, chaki inanyonya mvua yote.

Mto Cuckmere msijaribu kuuvuka pale mdomoni, pandeni mpaka daraja la Exceat halafu mrudi pwani. Birling Gap kuna kafe na choo, pumzikeni hapo kabla ya kupanda Beachy Head ambayo ni mita 162, upepo wa pale juu mnaongea hamsikilizani, kwahiyo kubalianeni mapema nani anatangulia na nani anafunga nyuma.

Na mbwa akidondoka, nawaomba sana, asimfuate mtu. Piga 999 uliza Coastguard, yani waokoaji wa pwani, wale wana kamba na mafunzo.

Mkifika Eastbourne kuna treni, mbwa wanapanda bure mpaka wawili kwa abiria mmoja, ila bebeni taulo maana chaki ikilowa inaganda kwenye manyoya na viti vya watu vitachafuka.