SOMO: Kurusha sarafu kwenye futiboli ya Kimarekani, na neno linaloweza kukunyima mpira

Naulizwa jambo hili kila Jumapili tangu Septemba. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1. Nahodha wa timu ngeni anataja kichwa au mkia kabla sarafu haijarushwa. (Msiniambie "mwenge" wa sarafu za Tanzania, huku Marekani hawaujui.)

Hatua ya 2. Mshindi anachukua kimoja tu kati ya vinne: kupokea mpira, kupiga mpira wa kuanzia (ukipiga, mpinzani ndiye anaanza na mpira), kuchagua goli la kulinda, au kudifa, yaani kuweka chaguo lake hadi kipindi cha pili.

Hatua ya 3. Aliyeshindwa anachagua kwenye kilichobaki. Mwenzake akitaka mpira, yeye anachagua upande. Mwenzake akitaka upande, yeye anaamua nani apige.

Hatua ya 4. Hapa ndipo nilipoungua. Nilikuwa nahodha wa timu ya sekondari, Texas. Kocha alisema tunaanza kwa kulinda, yaani wapinzani ndio waanze na mpira. Nikashinda sarafu, nikamwambia mwamuzi, kifua mbele: "Tunapiga." Akaniuliza kama nina hakika. Nikaitikia. Kumbe chaguo langu limeishia hapo. Wapinzani wakachukua upande wenye upepo mgongoni, na baada ya mapumziko zamu ya kuchagua kwanza ikawa yao, wakapokea. Tukapiga mpira wa kuanzia vipindi VYOTE VIWILI. Kwenye basi kocha hakunisemesha hadi tunafika.

Kwa hiyo ukitaka kuanza kwa kulinda, neno "kupiga" lisikutoke kabisa. Sema "difa", funga mdomo. Mpinzani karibu kila mara atapokea, wewe utachagua upande, na kipindi cha pili mpira ni wako. Hata wakubwa huteleza: Desemba 2019 Dak Prescott wa Dallas Cowboys, timu ya NFL (ligi kuu ya kulipwa Marekani), dhidi ya timu ya Rams, alisema wanataka kupiga, ndipo akaongeza difa. Ligi ikamhesabia difa. Mimi sikuwa na wa kunihesabia.

Hatua ya 5. Muda wa nyongeza NFL: sarafu inarushwa upya, na kwenye mechi za msimu wa kawaida difa haipo.

MASWALI

Mzee_wa_Kiki: Kwa hiyo anayeshinda sarafu ndiye anaanza na mpira?

Jibu: Hatua ya 2.

Mzee_wa_Kiki: Nimesoma, ila ungeeleza vizuri zaidi.

Jibu: Vinne, anachukua kimoja. Sina namna nyingine ya kuhesabu.

binti_pwani: Kaka, mbona karibu wote wanadifa? Si bora kupata mpira mapema mfunge?

Jibu: Swali zuri, dada. Ukidifa, unaweza kufunga mwishoni mwa kipindi cha kwanza, kisha ukafungua cha pili na mpira tena, mpinzani hajaugusa katikati. Tena unakuwa umeshaona anachezaje. NFL iliruhusu difa mwaka 2008 tu. Vyuo walikuwa nayo zamani.

Mlinzi77: Kuna mjinga anayechagua upande badala ya mpira?

Jibu: Yupo. Novemba 2002, muda wa nyongeza, kocha Marty Mornhinweg wa Detroit Lions alichukua upepo. Wakati ule anayefunga kwanza anashinda papo hapo. Chicago Bears wakapokea, wakafunga kwa mguu, 20-17. Lions hawakugusa mpira.

binti_pwani: Sasa ile fainali ya NFL ya 2024, Super Bowl, San Francisco 49ers walikosea kupokea?

Jibu: Mimi nasema ndiyo, wengine watabisha. Kanuni mpya za mtoano zilimpa kila mmoja zamu yake. 49ers wakapata pointi 3, Kansas City Chiefs wakaingia wakijua wanachohitaji, wakamaliza 25-22. Utetezi wa 49ers ni kwamba zamu ya tatu, ambapo yeyote anayefunga anashinda, ingekuwa yao. Hawakuifikia.

Mtu_wa_Nairobi: Nje ya mada, fainali kama hiyo huku tunaiona saa ngapi?

Jibu: Kama saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu.

binti_pwani: Lala saa mbili, tega kengele, chai ya tangawizi kwenye chupa. Na uombe ruhusa kazini Ijumaa, usingoje Jumatatu asubuhi.

Mzee_wa_Kiki: Sawa, lakini sarafu akiipata mwenyeji, bado mgeni ndiye anachagua?

Jibu: Mgeni ANATAJA. Mshindi ANACHAGUA. Naenda kulala.