Jinsi ya Kuchagua Mitamba ya Nguruwe kwa Uzazi Bora
Kabla ya kuchagua mtamba (nguruwe jike ambaye bado hajazaa) wa kuzalisha, mfugaji wa Ruai au Kasarani jijini Nairobi na afungue daftari kwanza, kwa sababu umbo la kupendeza halionyeshi uzazi. Kila jike aandikiwe namba ya sikio, tarehe ya kupandwa, na idadi ya watoto waliozaliwa hai, waliokufa na walioachishwa kunyonya. Wingi wa watoto hurithiwa kwa kiasi kidogo, takriban asilimia 10, na tofauti nyingine hutokana zaidi na lishe, afya na matunzo; kwa hiyo usivutwe na uzazi mmoja mkubwa, bali tazama rekodi za mama wa mtamba kwa uzazi wa mara tatu hivi, pamoja na za dada za mama huyo.

Idadi ya chuchu hurithiwa kwa nguvu zaidi. Pitisha vidole tumboni mwa mtamba: ziwe 14 au zaidi, zimepangana vizuri pande zote mbili, na ukigusa zilizobonyea ndani, mwuze kwa nyama hata kama mama yake anasifika.

Dume naye achunguzwe ukoo, wala asimpande binti yake, jambo linalotokea kwa urahisi mno pale majirani wanapoazimana dume mmoja miaka nenda rudi, kwani uzazi wa ndugu hupunguza watoto.