SOMO: Kununua miksa ndogo ya bei poa kwa matumizi ya nyumbani, anza na maiki zako sio na boksi

Habari zenu wakuu. Maswali ya miksa yamekuwa mengi, mmoja anataka kurekodi kaswida na wadogo zake sebuleni, mwingine ana podikasti ya watu wawili, mwingine wanajumuiya wanakutana kwake anataka tu maiki mbili na kinanda visikike kwenye sabufa, na wote wanaishia kuuliza "ninunue ipi ya bei poa?" Hilo swali huwezi kulijibu kwa kutaja jina moja la miksa, ndo maana nashusha somo zima. Naongelea miksa ndogo za kuweka mezani, za maiki moja mpaka nne, za harusi na kanisa kubwa ni habari nyingine.

Hatua ya 1: chukua karatasi kabla hujachukua hela

Andika kila kitu utakachochomeka KWA WAKATI MMOJA. Maiki ngapi, kinanda, gitaa, simu ya kupiga biti. Alafu andika sauti itaenda wapi, kwenye spika, kwenye laptopu, kwenye simu au kote. Tafadhali msiruke hii hatua maana watu wengi wananunua miksa kwa kuangalia taa na vitufe, wakifika nyumbani ndo wanajua maiki ya pili haina pa kukaa.

Kama karatasi yako imeandikwa maiki moja na laptopu basi, mimi nakwambia ukweli usinunue miksa, tafuta intafesi ya USB, yani kiboksi kidogo cha kuingizia maiki kwenye kompyuta, kama Behringer UM2, au Focusrite Scarlett Solo kama mfuko unaruhusu. Miksa inalipa pale ambapo vitu viko viwili vitatu na unataka kuvichanganya kwa mkono hapo hapo, huyu umpandishe yule umshushe, bila kutegemea kompyuta.

Hatua ya 2: namba ya kwenye boksi sio idadi ya maiki

Hapa ndo watu wanapigwa sana, hata na muuzaji ambaye hana nia mbaya maana na yeye anasoma boksi tu. Ukiona miksa imeandikwa chaneli 8 usidhani ni maiki 8. Chukua Behringer Xenyx 802, jina linasema 8 lakini maiki ni mbili tu, zilizobaki ni za stirio, yani kinanda au simu, na kila njia ya stirio inahesabiwa mara mbili, kushoto na kulia. Xenyx 1202 ni maiki nne. Yamaha MG06 ni mbili, MG10 ni nne. Xenyx 502 ni maiki moja.

Kwa hiyo usisome namba, hesabu matundu ya XLR, yale ya duara yenye vishimo vitatu. Hayo ndo ya maiki, maana ndo yenye priampu ndani, kile kisehemu kinachoinua sauti ndogo ya maiki mpaka ifike kiwango cha kufanyiwa kazi. Na kwenye miksa ya bei ya chini priampu ndo kitu unachopaswa kukilipia, mengine yote ni nyongeza. Ongeza tundu moja la akiba juu ya hesabu ya karatasi yako, yakizidi hapo ni hela ya bure.

Hatua ya 3: fantomu, ile swichi ya +48V inayopeleka umeme kwenye maiki

Maiki za dainamiki kama Shure SM58 hazihitaji umeme wowote kutoka kwenye miksa. Maiki za kondensa, zile nyingi za studio, bila 48V ni kimya kabisa. Sasa angalia kwenye karatasi yako, kama kuna kondensa hata moja basi miksa isiyo na fantomu ifute. Xenyx 502 haina, Q502USB inayo, MG06 inayo, 802 inayo. Kwenye hizi ndogo swichi mara nyingi ni moja kwa maiki zote, na hiyo haina shida, dainamiki nzima yenye waya mzuri wa XLR haidhuriki. Ila shusha sauti kwanza ndo uwashe, la sivyo spika italia pu! mpaka majirani wasikie.

Hatua ya 4: USB, hapa tulieni kidogo

Miksa yenye USB ni nzuri, lakini kuna kitu boksi halisemi kwa sauti. Kwenye nyingi za bei hii USB inapeleka kwenye kompyuta njia mbili tu, kushoto na kulia, yani mchanganyiko ulioshaiva. Ukirekodi maiki mbili na kinanda vyote vinaingia vimechanganyika, baadae ukitaka kumpandisha mwimbaji wa pili peke yake haiwezekani tena. MG10XU iko hivyo, Q802USB iko hivyo. Anayetaka kila maiki ikae kwenye njia yake ndani ya programu atafute intafesi ya njia nyingi, au miksa inayosema wazi kwamba inarekodi njia nyingi, na bei hapo inapanda.

Lakini kama ni podikasti ya watu wawili kuna ujanja ambao naupenda sana. Zungusha PAN, kile kitufe cha kupeleka sauti kushoto au kulia, ya maiki ya kwanza mpaka mwisho kushoto, ya pili mpaka mwisho kulia, rekodi kwa stirio kwenye Audacity ambayo ni ya bure, ukimaliza unaigawa ile stirio ziwe mono mbili. Hapo kila mtu ana njia yake, mmoja akikohoa unafuta kikohozi chake bila kugusa maneno ya mwenzake. Miksa ya njia mbili imekupa ulichokuwa unataka na hujaongeza hata mia.

Kama hurekodi, ni kuimba na kusikika tu, USB achana nayo, chukua isiyo nayo na hiyo tofauti nunua waya wa maana.

Hatua ya 5: eko na mbwembwe zake

Sikiliza tu, miksa iwe na eko za aina 16 au 99, ukirekodi nayo haitoki tena. Rekodi kavu, eko utaiweka kwenye programu. Kwa anayeimba laivu nyumbani eko moja nzuri inatosha. Twende.

Hatua ya 6: adapta

Kitu kidogo lakini kinaua miksa nyingi. Xenyx 802 na 1202 zinatumia adapta ya pini tatu inayotoa AC, sio DC kama ya redio au ruta, na MG10 nayo ina adapta yake ya AC. Ukiipoteza huokoti yoyote pale mezani ukachomeka. Kwa hiyo miksa ya mtumba isiyo na adapta, hata iwe bei ya kutupa, ulizia kwanza bei ya adapta ndo ujue kama kweli ni rahisi. Na soma maandishi mgongoni mwa adapta, INPUT lazima iwe ya umeme wetu wa 230V.

Hatua ya 7: kuijaribu dukani

Kariakoo ukisema unataka kujaribu wengi wanakubali, anayekataa kabisa hamia duka la jirani. Nenda na maiki YAKO, waya wako na hedifoni zako za masikioni kabisa, usijaribu kwa spika ya dukani maana kelele za mtaani zitaficha kila kitu. Chomeka maiki na hedifoni, shusha chaneli nyingine zote, alafu pandisha GAIN, kile kitufe cha priampu, ya chaneli ya kwanza taratibu mpaka robo tatu bila mtu kuongea. Utasikia shhhh. Kidogo ni kawaida, lakini kama ile shhhh inashindana na sauti yako ukiongea kawaida, hiyo priampu ni mbovu, shukuru uondoke.

Zungusha kila kitufe kimoja kimoja polepole, ukisikia krrr krrr ndani ya hedifoni hicho kimeshachakaa au kimeingia vumbi. Chomeka maiki kwenye kila tundu, tikisa waya kidogo, sauti isikatike. Mwenye kipimo cha mafundi aende nacho, washa fantomu, weka kwenye DC, ncha moja pini ya 1 na nyingine pini ya 2 ya tundu la XLR, isome kati ya volti 44 na 52. Rudia 1 na 3. Zipo miksa zina swichi na taa nyekundu ya 48V na ukipima unakuta volti chache tu, kondensa yako itafanya kazi kwa kuumwa umwa au isifanye kabisa. Na ukiona jina kubwa limebandikwa kwenye modeli ambayo haipo kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, hiyo huenda ni feki, hata ikiwaka vizuri leo.

Hatua ya 8: ukifika nyumbani

Weka kitufe cha sauti ya chaneli kwenye alama ya 0, imba ile sehemu unayopiga kelele kuliko zote, pandisha GAIN mpaka taa nyekundu ya CLIP ianze kupepesa, alafu rudisha nyuma kidogo isiwake tena. Kwenye kompyuta vilele vya sauti viache vicheze kwenye -12 dB hivi, usitafute kujaza mpaka juu. Ukikosea hapa hata miksa ya gharama itasikika ya hovyo.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WADAU

Mdau: Asante kaka kwa somo. Mimi maiki yangu ilikuja na waya wake, upande mmoja XLR upande mwingine jeki kubwa, nachomeka kwenye miksa sauti inatoka kwa mbaaali hata nikipandisha yote. Miksa mbovu?

Jibu: Hapana dada, miksa yako nzima. Hiyo jeki umeichomeka kwenye tundu la line, ambalo linategemea sauti iliyokwisha kuwa kubwa, kama ya kinanda. Nunua waya wa XLR ncha zote mbili, chomeka kwenye lile tundu la vishimo vitatu. Na huo waya wako wa jeki unabeba kelele za umeme kwa sababu hauna njia mbili za sauti zinazofuta kelele. Fanya hilo kwanza kabla hujampelekea fundi.

Mdau: Feedback kutoka kwa dada hapo juu, nimebadilisha waya, sauti imekuja mpaka nimeshusha GAIN. Mungu akubariki.

Mdau wa Nairobi: Boss niko Luthuli Avenue hapa, jamaa ananiuzia miksa ya chaneli 4 iko na Bluetooth, 48V na USB ya flashi, bei iko chini sana. Nichukue?

Jibu: Bro inategemea karatasi yako. Kama ni karaoke na watoto wikendi, chukua, itakufurahisha. Lakini uliza hiyo USB ni ya nini, nyingi za aina hiyo USB yake ni ya kupiga nyimbo kutoka kwenye flashi tu, haiongei na kompyuta. Kama unataka kurekodi mwambie aichomeke kwenye laptopu na ionekane kama kifaa cha sauti mbele ya macho yako. Na hiyo 48V ipime.

Mzee wa Tanga: Kijana, nina spika zangu mbili kubwa za mbao za zamani, nikinunua hiyo miksa nachomeka moja kwa moja?

Jibu: Shikamoo mzee wangu. Hapana, hizi miksa ndogo hazina amplifaya ndani, haziwezi kusukuma spika za namna hiyo. Unahitaji amplifaya katikati, miksa inaingia kwenye amplifaya kwa waya wa jeki kubwa mbili kwenda RCA mbili, tumia matundu ya nyuma yaliyoandikwa AUX au CD, sio PHONO maana hilo ni la sahani za santuri na sauti itakwaruza. Kama ile amplifaya ya zamani bado unayo na inafanya kazi, huna haja ya kununua nyingine.

Mdau: Shemeji yupo Marekani anakuja mwezi ujao, huko Xenyx 502 ni chini ya dola 100. Aniletee au ninunue hapa?

Jibu: Akuletee sawa, lakini adapta ya kwenye boksi la Marekani ni ya 120V, ukichomeka kwenye soketi yako inaungua hapo hapo. Kubadilisha umbo la plagi hakubadilishi volti. Kabla hajanunua utafute hapa adapta ya 230V yenye volti, aina ya umeme na pini zile zile, au transfoma ya kushusha umeme. Ukijumlisha unaweza kukuta ya hapa ni rahisi zaidi, na ya hapa inarudishika dukani. Pia kumbuka 502 ni maiki moja na haina fantomu.

Mdau: Mkuu mimi ya kwangu inanguruma mmmm muda wote nikiunganisha na laptopu.

Jibu: Chomoa chaja ya laptopu, itumie kwa betri dakika moja. Mngurumo ukiondoka tatizo ni umeme wa chaja, rekodi kwa betri au chomeka laptopu, miksa na amplifaya kwenye ekstensheni moja. Usikate pini ya ethi kama wanavyofanya wengine, ile inalinda maisha yako.

Mdau: Na kwa laivu ya simu? Sina laptopu.

Jibu: Simu nyingi za Android zinaisoma miksa ya USB kwa waya wa OTG, ule wa kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, ila chagua miksa inayopata umeme kwa adapta yake maana simu haiwezi kuibeba. Jaribu dukani na simu yako mwenyewe, na uijaribu kwenye programu ile ile utakayorushia laivu, zipo zinazong'ang'ania maiki ya simu hata miksa ikiwa imeonekana. Ikigoma, Yamaha AG03MK2 ina tundu dogo la simu lenye njia nne, unachomeka waya wake na simu inapokea sauti kama vile ni hedifoni yenye maiki. Bei yake iko juu ya hizi nyingine, na ina tundu moja tu la XLR.