Kutafuta spea za kupozea mashine ya boti ukiwa Lamu: anza na mguu, usianze na ukubwa wa mashine

Juzi nahodha mmoja wa Kizingitini alinitumia ujumbe wa sauti: "Fundi, nataka raba ya pampu ya maji ya Yamaha arobaini, nipakilie kwenye boti ya kesho." Nikamuuliza, arobaini ipi? Akacheka. "Arobaini si arobaini tu?"

Si arobaini tu: hizo ni nguvu za farasi, hazikuambii mashine ni ipi, na ndiyo maana naandika haya. Watu wengi wanaokuja kwangu na impela isiyoingia (ndiyo hiyo raba yenye mabawa inayosukuma maji ndani ya pampu) wameuziwa kitu kizima, kipya, cha mashine ya mtu mwingine. Nitatumia mfano wa Yamaha kwa sababu ndiyo iliyojaa pwani yetu, kuanzia Shela mpaka Kiunga. Mwenye Tohatsu, Mercury au Suzuki afuate njia hiyo hiyo kwa namba zake.

Hatua ya 1: Hakikisha pampu ndiyo mgonjwa

Mashine isipokojoa, yaani usipoona ule mchirizi wa maji ukitoka, chukua kipande cha mshipi mnene wa nailoni uchokoe kile kitundu cha maji kilicho chini ya kifuniko. Mara nyingi ni chumvi iliyoganda, au nyigu amejenga kwa tope mashine ilipokaa nchi kavu. Tazama na matundu ya kunyonyea kule mguuni, sehemu ya chini inayozama majini, huenda mfuko wa plastiki umejibana. Maji yakitoka kwa nguvu lakini kichwa (sehemu ya juu yenye injini) bado kinachemka, shuku thamostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji, au njia za maji zilizojaa chumvi. Yakitoka kidogo au yasitoke kabisa, ni pampu, au bomba linalopandisha maji limechomoka.

Hatua ya 2: Ijue mashine yako, kichwa mbali na mguu mbali

Kibati cha mashine kiko kwenye mabano yanayobana tezi, nyuma ya boti. Mara nyingi kimepakwa rangi mara kadhaa, na chumvi imekula herufi. Usikisugue kwa msasa wala brashi ya waya. Herufi zake hazina kina na ukishazifuta hazirudi. Kipake ndimu, ngoja kidogo, ufute kwa kitambaa chenye maji. Kisha mulika tochi kwa ubavu upige picha. Kivuli kitakuonyesha kile ambacho macho hayakioni.

Unatafuta vitu vitatu: jina la modeli, namba ya mashine yenyewe, na alama fupi yenye tarakimu na herufi, jumla tatu. Hiyo ya tatu ndiyo ya maana kuliko zote. Mashine ya 40 ya zamani ya silinda mbili ni 676. Ya 40 yenye silinda tatu ni 6H4. E40X ya aina ya Enduro, ambayo wavuvi wengi wanayo, ni 66T. Zote ni arobaini, na zote ni Yamaha. Ukimwambia muuza duka "ya arobaini", atakupa iliyo karibu na mkono wake.

Usiamini maandishi ya kwenye kifuniko. Vifuniko huazimwa, huuzwa na hubadilishwa rangi. Nimeona mashine ya 25 ikitembea Lamu nzima na kofia ya 40, na mwenyewe hana neno, maana inampa heshima.

Sasa hapa ndipo saa hupotea, kwa hiyo soma polepole. Huku kwetu mashine nyingi ni za kuungwa. Boti imepanda mwamba, mguu umepasuka, fundi akatoa mguu wa mashine iliyokufa kichwa akaufunga. Kazi inaendelea na hakuna anayekumbuka. Lakini kibati kimebaki kwenye mabano, na kinasema habari za mashine iliyozaliwa kiwandani. Hakisemi habari za mguu uliokuja baadaye. Pampu ya maji inakaa juu ya mguu, inazungushwa na shafti inayoshuka kutoka kwa injini. Kwa hiyo thamostati hufuata kichwa, impela hufuata mguu. Ukinunua impela kwa kusoma kibati peke yake, na mguu ni wa ukoo mwingine, utafika Pate na kitu kisichoingia.

Utajuaje kama mguu ni mgeni? Linganisha rangi mahali ambapo jua halifiki, ndani ya kiungo, usiangalie nje ambako kila mtu hupaka. Tazama kama bolti zimekaa zote sawa au kuna tundu lililopanuliwa kwa nguvu. Muulize mwenye boti wa kwanza, kama yu hai na anapatikana. Mara nyingine utakuta alama imechongeka kwenye aluminiamu yenyewe, ile iliyotoka nayo kiwandani. Hiyo inakusaidia kujua ukoo wa mguu, ila usiiagize kama namba ya spea, kwa sababu ni namba ya chuma kilichomwagwa, na chuma kimoja kilitumika kwenye modeli kadhaa.

Ukishindwa kabisa, fungua mguu upime. Tumia kalipa, kile kipimo chenye taya za kubana, si rula ya shule. Na usipime upana wa impela kuukuu: mabawa yake yamekwisha kujikunja na yamelika ncha, yatakudanganya. Pima unene wa shafti, kimo cha raba pale kwenye kitovu, na upana wa ndani wa kikombe cha chuma impela inamozungukia. Hesabu mabawa. Angalia kama kitovu kinashikwa na kii, kile kipande kidogo cha chuma cha umbo la nusu mwezi, au kwa ubapa wa shafti. Piga picha za vyote vikiwa juu ya karatasi nyeupe, kalipa ikiwa imo ndani ya picha. Muuza spea aliye Mombasa akiona picha hizo hana haja ya kukuuliza swali jingine.

Hatua ya 3: Pata namba ya spea

Namba za Yamaha zina mpangilio, na ukishaujua hutaonewa. Chukua 63V-44352-01. Sehemu ya kwanza ni mashine ambayo spea ilitengenezewa mwanzoni. Sehemu ya kati ndiyo aina ya kitu: 44352 ni impela kwenye Yamaha yoyote ile, 44322 ni kikombe cha ndani, 44323 ni bati la chini, 12411 ni thamostati. Ukiona W0078 katikati, hiyo ni seti nzima ya pampu. Tarakimu mbili zinazofuata ni toleo; ukiambiwa 00 haipo ila 01 ipo, kwa kawaida 01 ndiyo iliyochukua nafasi yake.

Watu huteleza kwenye ile sehemu ya kwanza. Enduro ya 15 ni 6B4, lakini impela yake ni hiyo hiyo ya 63V. Mtu akiona 63V kwenye pakiti anairudisha dukani akidhani ameibiwa. Spea moja huhudumia mashine nyingi na hubaki na jina la ile ya kwanza. Kwa hiyo usikisie namba kwa kubandika alama ya mashine yako mbele ya 44352. Itafute kwenye katalogi yenye michoro.

Katalogi ziko mtandaoni, bure. Lakini tovuti nyingi za Marekani hazina Enduro kabisa, kwa kuwa Enduro haiuzwi kwao. Ni mashine ya Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Utatafuta E40X humo mpaka bando liishe. Tafuta katalogi ya soko la nje, ile inayokuuliza modeli au alama ya 66T. Pampu imechorwa kwenye ukurasa wa mguu wa chini. Thamostati iko kwenye ukurasa wa silinda, usiitafute pamoja na pampu. Ukipata, piga picha ya skrini palepale. Mtandao wa Lamu mjini si mtandao wa Kiunga.

Hatua ya 4: Amua unanunua nini

Nunua seti, si impela peke yake. Nasema hivi kwa watu wa hapa hasa. Anayepita mlango wa bahari wa Mkanda maji yakiwa yamekupwa anafagia tope na mchanga kwa mguu wa mashine, na mchanga huo unapita ndani ya pampu. Fungua utazame bati la chini: ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mikwaruzo, bati hilo limekwisha. Impela mpya juu ya bati lililokwaruzika itapampu vizuri mashine ikikimbia, kisha itakosa nguvu ukipunguza mwendo kuingia gatini.

Gasketi usikate kwa katoni. Unene wake ndio unaopanga nafasi kati ya bati na kikombe, na katoni ikilowa inavimba. Agiza na kii mpya, ni kitu kidogo mno na ndicho kinachodondoka baharini.

Kama impela ya zamani imepoteza mabawa, usifunge mpya kabla hujayapata yote. Vipande hupanda na maji vikaenda kuziba bomba la shaba linalopandisha maji au kukaa nyuma ya thamostati. Vipange mezani, uvihesabu. Vikipungua, fungua juu.

Hatua ya 5: Wapi na kwa nani

Maduka ya Lamu yana impela za 15 na za 40 zinazotumika sana. Thamostati na vikombe ni bahati. Vingine vinatoka Mombasa. Tuma namba kamili na zile picha, kisha mwambie akupigie picha ya lebo ya pakiti atakayokutumia, si ya kwenye tovuti. Linganisha tarakimu moja moja kabla hujatuma M-Pesa. Mzigo utakuja kwa basi mpaka Mokowe, halafu utavuka kwa boti. Namba ya risiti ya mzigo itumwe kwako siku hiyo hiyo, na jina liandikwe lile lililo kwenye kitambulisho cha atakayeupokea.

Feki zipo nyingi. Mimi huanza na kitovu: raba na bushi ya ndani, ile pete ya kati inayoingia shafti, ziwe zimeshikana kama kitu kimoja. Shika bushi, zungusha raba kwa nguvu za mkono. Ikiteleza hata kidogo, iache. Impela ya namna hiyo ndiyo huwatia watu wazimu, kwa sababu ukiifungua inaonekana nzima, mabawa yote yapo, kumbe shafti inazunguka na raba imesimama. Kisha kunja bawa lilale kabisa uliachie: lirudi upesi bila kuacha mstari mweupe. Impela iliyokaa miaka kwenye kioo cha duka kinachopigwa na jua huwa ngumu hata kama ni orijino, kwa hiyo omba ya ndani ya boksi.

Si lazima iwe ya Yamaha. Sierra na CEF wanatengeneza impela ninazozifunga bila wasiwasi, na wana majedwali yanayolinganisha namba zao na za Yamaha. Nisichofunga ni ile inayouzwa ndani ya mfuko wa nailoni usio na neno, hata nikipewa bure. Na wenye Mercury ndogo za mipigo minne: nyingi zimetengenezwa na Tohatsu, hivyo ukikosa spea upande mmoja ulizia upande wa pili.

Hatua ya 6: Thamostati, kabla hujaitupa

Kuna desturi ya kuing'oa na kuendesha bila. Sikubaliani nayo. Mashine ya mipigo miwili ikiwa baridi mno haiunguzi vizuri, plagi zinachafuka na kaboni inajaa. Ing'oe ukikwama safarini, uirudishe ukifika.

Ijaribu kwanza. Bana uzi kwenye mdomo wake uliofungwa, ining'inize kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, upashe moto taratibu. Inapofunguka, itadondoka kutoka kwenye uzi. Yamaha nyingi za mipigo miwili huanza kufunguka kati ya nyuzi 48 na 52. Ikidondoka hapo, ni nzima. Ioshe chumvi kwa siki uirudishe na gasketi mpya. Ikifika 60 bado imeshika, agiza. Joto lake limechapwa au kugongwa kwenye chuma chenyewe, kwa hiyo usinunue ya joto jingine kwa sababu tu imeingia kwenye tundu.

Hatua ya 7: Kufunga

Hii mnaijua. Nakumbusha mawili. Paka impela sabuni ya maji, si grisi ya gari inayoharibu raba, na ukishusha kikombe zungusha shafti kuelekea mkono wa saa ili mabawa yalale upande wake. La pili, unapopandisha mguu hakikisha bomba la shaba limeingia kwenye raba yake. Likipita kando, pampu itafanya kazi yote na maji yataishia njiani, nawe utarudi Mombasa kununua spea ambazo huzihitaji.

Ijaribu kwenye pipa kabla ya kuingia baharini, maji ya kisima yanatosha hata kama yana chumvi kidogo. Kabla hujarudisha kifuniko, andika kwa kalamu ya wino usiofutika, upande wa ndani: namba ya impela iliyoingia, namba ya thamostati, na kama mguu ni wa kuungwa, ni wa alama gani. Ile impela ya zamani ikiwa bado ina mabawa, itie kwenye boksi la vyombo pamoja na kii yake. Inatosha kukutoa Kiunga mpaka Faza.